Suffolk, kaunti iliyotunzwa na ukata

Mgeni akifika Uingereza na kuuliza wapi aone mambo ya kale, ataelekezwa Mnara wa London, kasri la Windsor na mawe ya Stonehenge. Si vibaya, ila atapanga foleni na atalipa. Mimi, tangu shemeji yangu ahamie Ipswich kikazi, nimekuwa mteja wa Suffolk, kaunti ya mashariki inayotazama Bahari ya Kaskazini. Haina milima, haina jiji, na barabara zake nyingi zinaishia shambani. Lakini ina makanisa ya Zama za Kati yapata 500, tena na ngome, magofu ya abasia, na mitaa mizima ya nyumba za mbao ambazo fundi wa karne ya 15 akifufuka leo atazitambua.

Husemwa kwamba Waingereza wanajua kutunza. Siku hizi wanajua, kweli. Kuna mashirika, kuna sheria, na mwenye nyumba ya mwaka 1450 hagusi hata dirisha bila kibali. Ila sheria hizo ni za juzi tu. Kwa miaka mia tatu na ushee kabla yake, kilichoilinda Suffolk ni ukata. Watu hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya.

Anza na Lavenham. Leo ni kijiji cha watu wasiotimia 2,000, lakini wakusanya kodi wa Mfalme Henry VIII walipofanya hesabu zao mwaka 1524, kilikuwa miongoni mwa miji 20 tajiri zaidi ya Uingereza nzima. Utajiri wake ulitoka kwenye kitambaa kizito cha sufu, kilichotiwa rangi ya buluu kwa majani ya mmea uitwao woad na kuuzwa London na ng'ambo. Tajiri wa nguo wa enzi hizo hakuwa na kiwanda. Alinunua sufu, akaigawa kwa wanawake waisokote nyuzi majumbani mwao. Nyuzi zikaenda kwa mfumaji, kitambaa kikaenda kwenye kinu cha maji kupondwapondwa mpaka kishikamane, kisha kwa mtia rangi, na kila mmoja akalipwa ujira wake mdogo kwa kipande. Kilichobaki kilikuwa cha tajiri, na hakikuwa haba.

Tajiri kuliko wote, Thomas Spring, alipofariki mwaka 1523 aliacha fedha za kumalizia mnara wa kanisa la kijiji. Mnara huo una urefu wa mita 43, kimo ambacho kijiji cha namna ile hakina sababu yoyote ya kuwa nacho. Ukiinua macho utaona nyota za ukoo wa de Vere, mabwana wa eneo lile, zimechongwa ukutani pamoja na alama ya biashara ya akina Spring, alama ya aina iliyokuwa ikipigwa kwenye marobota ya nguo. Wataalamu wanauita mnara huo uchaji wa Mungu. Mimi naona pia tangazo.

Nyumba zenyewe zina mifupa ya mwaloni. Katikati ya boriti na nguzo mafundi walipanga fito, wakazikandika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, halafu wakapaka chokaa. Shemeji, mzaliwa wa Pangani, alizunguka nyumba moja akiikagua kama anayetaka kuinunua, kisha akaniuliza, "Shem, hii si nyumba ya kukandika tu?" Ni ya kukandika, ndiyo, isipokuwa boriti zake zinaweza kubeba meli. Mwaloni ulitumika ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka hushinda patasi. Ulipokauka polepole, ukiwa tayari umeshachongwa na kufungwa kwa vigingi, ukajipinda, na nyumba nzima ikajipinda nao. Ndiyo maana ukitembea Lavenham unaona ghorofa ya juu imeinama kumtazama jirani, na milango ambayo hakuna pembe yake hata moja iliyo mraba. Nyumba hizo hazianguki. Zilishamaliza kujinyoosha karne nyingi zilizopita.

Kuna kisa cha mwaka 1525 ambacho nadhani kila anayefika pale angesimuliwa kwanza kabla ya kuuziwa chai na keki. Kadinali Wolsey, waziri wa mfalme na mtoto wa Ipswich hapo hapo jirani, alitaka fedha za mfalme kwenda kupigana Ufaransa. Akabuni mchango wa kirafiki. Urafiki wake ulikuwa wa jina tu. Matajiri wa nguo wakawaambia wafumaji kwamba mchango huo ukilipwa, kazi hakuna. Watu wapatao 4,000 wakakusanyika Lavenham. Inasimuliwa kwamba wangekuwa wengi zaidi kama si mtu mmoja kuchomoa ndimi za kengele za kanisa ili zisiwaite wenzao. Mtawala wa Norfolk akaja na askari, akataka kujua kiongozi wao ni nani. Kwa mujibu wa mwandishi wa historia wa wakati ule, Edward Hall, aliyejibu ni mzee mmoja aliyeitwa John Greene. Alisema kiongozi wao jina lake ni Umaskini, kwa kuwa yeye na binamu yake Dhiki ndio waliowafikisha pale. Mfalme akaufuta mchango.

Umaskini huyo wa Greene hakurudi alikotoka. Masoko ya ng'ambo yakayumba kwa vita, walaji wakaanza kupenda vitambaa vyepesi, na wakimbizi Waholanzi wa Colchester wakavifuma kwa bei ambayo Lavenham haikuiweza. Lile jumba kubwa kwenye uwanja wa soko, la chama cha Corpus Christi, lilijengwa karibu na 1530, mji ukiwa tayari unateremka, na chama chenyewe kikafutwa na serikali mwaka 1547. Jumba likawa gereza, likawa nyumba ya kufanyizia kazi maskini, likawa ghala. Karne ya 18 ilipofika, miji yenye fedha ikavaa matofali mapya na madirisha makubwa ya mtindo wa siku zile. Lavenham ikabaki na fito zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 jengo moja la biashara ya sufu lilifunguliwa boriti moja moja ili likajengwe mbali kwa anayelitaka. Wenyeji wakapiga kelele, likarudishwa, na leo ni sehemu ya hoteli ambayo mimi hupita nje yake tu.

Bury St Edmunds ni habari nyingine kabisa, maana pale kilichokuwa kikubwa, yaani abasia ya watawa, ndicho kilicholiwa. Suffolk haina jiwe zuri la kujengea. Ina gumegume, yale mawe meusi yenye ganda jeupe yanayookotwa shambani, magumu kama chuma na yasiyochongeka mraba. Kwa hiyo watawa wa Bury walileta mawe yao ya kuchonga kwa njia ya maji kutoka machimbo ya Barnack. Walikuwa Wabenediktini, familia ile ile ya watawa tuliyoizoea Peramiho na Ndanda, waliowekwa pale mwaka 1020 na Mfalme Canute kulinda mwili wa Mfalme Edmund, aliyeuawa na Wadenmarki mwaka 869. Mahujaji wakamiminika, sadaka zikamiminika, na kanisa la abasia likafikia urefu wa zaidi ya mita 150.

Abate wa Bury hakuwa mtu wa kusali tu. Soko lilikuwa lake, vinu vilikuwa vyake, mahakama ilikuwa yake. Mtawa mmoja, Jocelin wa Brakelond, aliacha kumbukumbu za maisha ya abasia ile wakati wa Abate Samson, na humo kuna habari ya kasisi mzee, Herbert, aliyejijengea kinu cha upepo mwaka 1191. Samson alipopata habari alikasirika hata chakula kikamshinda. Akaagiza mafundi waende kukivunja mara moja. Herbert akaja kujitetea kwamba upepo hauna mwenyewe, na kwamba anasaga nafaka yake tu. Samson hakutaka kusikia: ukiruhusu kinu kimoja, wenye mji watakipelekea nafaka zao, na mapato ya abasia yatapungua. Mzee akakimbia nyumbani akakivunja mwenyewe kabla watu wa abate hawajafika. Mimi nikisimama pale bustanini huwa namfikiria Herbert kuliko mtakatifu Edmund.

Hasira za namna hiyo zilijikusanya. Mwaka 1327 wenyeji waliivamia abasia, wakapora na kuvunja lango. Watawa wakajenga lango jipya, ndilo hili linalopokea wageni leo: kwa mbele limepambwa kwa vidaka vya sanamu, lakini ndani yake kuna mfereji wa geti la chuma la kushushwa, na matundu ya kupigia mishale yamefichwa nyuma ya mapambo. Si lango la watu wanaojiamini kupendwa. Mwaka 1381, wakati wa uasi wa wakulima, priori wa abasia, msaidizi wa abate, aliuawa, na Jaji Mkuu wa mfalme, Sir John Cavendish, naye akakatwa kichwa, vichwa vyao vikatundikwa sokoni.

Mwaka 1539 Henry VIII akaifunga abasia. Ndipo ule uhaba wa mawe ukafanya kazi yake. Kila jiwe lililochongwa lilikuwa na mnunuzi, na mji mzima ukajengeka kwa ngozi ya abasia. Yaliyobaki yamesimama kwenye bustani ya manispaa kati ya maua na bata: ni viini vya kuta, gumegume na chokaa, ambavyo hakuna aliyevitaka. Havina umbo. Mgeni asiyeambiwa atadhani ni miamba. Kitu kinachonifurahisha zaidi kiko upande wa magharibi, ambako watu waliingiza nyumba zao ndani ya gofu la uso wa kanisa, zikaota humo na dohani zao na mapazia yao. Kuna watu wanaishi mle hata sasa, na ndoo zao za taka ziko nje kama kawaida.

Ukitoka Bury kwenda pwani utapita Framlingham, ambako Mary Tudor alikusanya wafuasi wake Julai 1553 kabla ya kutangazwa malkia. Kuna ukuta wa ngome wenye minara 13, na unaweza kuuzunguka kwa juu. Dohani nzuri za matofali zilizoongezwa juu ya minara wakati wa akina Tudor nyingi ni pambo tu, hazikuwahi kutoa moshi. Nenda kama una watoto. Kama huna, endelea mpaka Orford.

Ngome ya Orford ilijengwa na Mfalme Henry II kati ya 1165 na 1173, kwa zaidi ya pauni 1,400, fedha nyingi mno wakati ule, ili kumwonyesha Hugh Bigod, kabaila wa Framlingham, kwamba mfalme yupo. Ukuta wa nje umebomoka wote, kumebaki mnara mkuu peke yake, wenye pande nyingi na minara mitatu imeubana ubavuni. Ndani kuna jiko, kanisa dogo, kisima, na hata vyoo ukutani. Miaka michache iliyopita wasimamizi wake, English Heritage, waliupaka mnara lipu ya chokaa kwa sababu jiwe lake la kienyeji lilikuwa likimomonyoka. Kuna waliolalamika kwamba sasa haufanani na gofu. Mtu wa pwani yetu hashangai. Matumbawe nayo hayakuachwa uchi.

Lakini lililompeleka shemeji Orford ni yule mtu wa majini. Padri mtawa wa enzi hizo, Ralph wa Coggeshall, aliandika kwamba katika siku za Henry II wavuvi wa Orford walivuta nyavu wakakuta mtu uchi, mwenye nywele mwili mzima na ndevu ndefu. Wakampeleka ngomeni kwa Bartholomew de Glanville, mlinzi wa ngome. Alikula alichopewa, samaki mbichi akimkamua kwanza mikononi mpaka maji yaishe. Hakusema neno. Wakamning'iniza kwa miguu, wakamtesa, hakusema. Wakampeleka kanisani, hakuonyesha dalili ya kujua lolote. Siku moja wakamwachia baharini ndani ya safu tatu za nyavu; akapiga mbizi chini yake, akatokea upande wa pili, akawa anaibuka na kuzama kana kwamba anawadhihaki. Kisha akarudi mwenyewe akakaa nao tena muda, hadi alipotoroka moja kwa moja.

Tulibishana njia nzima. Shemeji, ambaye kwao kila kijiji kina mvuvi aliyeona kitu, hakuwa na shida na mtu wa majini. "Mimi siwaelewi hao wa ngomeni, Shem," alisema. "Mgeni kaja hajui lugha, unamtundika miguu juu?" Ralph mwenyewe aliacha swali wazi kama alikuwa binadamu, samaki au pepo aliyevaa maiti. Nadhani kama angekuwa mtu wa kawaida aliyetupwa na dhoruba, asiyejua Kiingereza wala Kifaransa wala msalaba, taarifa yake ingeandikwa vile vile.

Kaskazini kidogo, kando ya mto Blyth, kuna kanisa la Blythburgh, kubwa kupita kiasi katikati ya tope na matete. Ndani ni mwanga mtupu, na juu, kwenye mti mkuu wa paa, malaika wa mbao wamelala mgongo kwa mgongo wametandaza mabawa, wakiwa bado na mabaki ya rangi yao ya kale. Aprili 1644 alifika hapo William Dowsing, mtu wa Suffolk huyo huyo, aliyepewa kazi ya kutekeleza sheria ya Bunge ya kuondoa sanamu makanisani. Alikuwa mtu wa kuandika kila alichokivunja, kwa hiyo tunajua aliacha amri malaika washushwe. Hawakushushwa wote. Kuwafikia kunahitaji ngazi ndefu na vibarua, na vibarua hulipwa. Kwa muda mrefu wenyeji walisimulia kwamba matundu ya risasi kwenye malaika ni ya askari wa Cromwell, jemadari wa Bunge, mpaka ilipobainika kuwa ni risasi za karne ya 18: kanisa lilikuwa likinunua baruti ya kuwapigia kunguru waliozaliana darini. Baadaye hata fedha ya kunguru ikakosekana. Inasemekana waumini walisali wakiwa wamefungua miavuli, na mwaka 1881 kanisa likafungwa kwa kuwa ni hatari kuingia. Lilipokuja kutengenezwa, kulikuwa na Waingereza waliokwisha kuanza kupigania majengo ya kale yasisafishwe kupita kiasi, ndiyo maana leo bado lina makovu yake.

Na usipite bila kuingia Wenhaston, mwendo mfupi kutoka hapo. Mwaka 1892 mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa hilo dogo waling'oa mbao nyeupe zilizoziba tao la mbele, wakazitupa makaburini zikangoje kuchomwa. Usiku mvua ikanyesha. Chokaa ikatoka, na asubuhi kukawa na Siku ya Hukumu imelala kwenye nyasi: Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua, Mikaeli anapima roho kwenye mizani huku shetani akibisha, Petro anawapokea mfalme na askofu wakiwa uchi kama walivyozaliwa, kofia zao tu vichwani ili watambulike, na upande wa pili mdomo mkubwa wa mnyama unawameza wengine waliofungwa mnyororo. Picha hiyo ilichorwa yapata mwaka 1500, kisha Wakristo wa mageuzi wakaipaka chokaa. Katikati kuna sehemu tupu zenye umbo la msalaba na watu wawili, mahali palipokuwa na sanamu za kuchonga. Mchoraji hakuwa hodari sana. Mikono ni mikubwa, nyuso zinafanana. Kwangu ndiyo picha bora ya kaunti nzima, na kuiona ni bure.

Hapo niseme la safari. Treni za Suffolk zinatoka kituo cha Liverpool Street, London. Bury na Ipswich zina stesheni. Lavenham haina tena, shuka Sudbury uchukue basi. Jumapili usitegemee basi. Makanisa mengi huwa wazi mchana bila mtu ndani, unafungua kitasa unaingia, na kuna kisanduku cha sadaka ukutani.

Dunwich tuliiacha mwisho kwa sababu hakuna cha kuona, na mimi nilitaka shemeji awe ameshaona vya kutosha asije akanidai petroli. Ilikuwa bandari kubwa ya mashariki, yenye makanisa, masoko na meli zake. Dhoruba za 1286 na 1328 zikala mji na kuziba mdomo wa bandari, biashara ikahamia kwa majirani, na kwa vile mapato yalikwisha hakuna aliyeweza kujenga kuta za kuzuia bahari. Iliyofuata ilikuwa kazi ya karne kwa karne: ukingo wa mchanga unamomonyoka, mtaa unashuka. Kanisa la mwisho la zamani, la Watakatifu Wote, lilianza kuporomoka kutoka ukingoni mwaka 1904 na mnara wake ukamalizikia baharini mwaka 1919. Leo kuna kijiji kidogo, jumba la makumbusho lenye mfano wa mji, na juu ya ukingo ukuta wa watawa Wafransisko walioshtuka mapema, wakahamia bara kidogo baada ya dhoruba ya kwanza. Tangu 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton wamekuwa wakipima mji huo chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, maana bahari pale ni tope tupu, mzamiaji haoni mkono wake.

Kitu kimoja cha Dunwich hakikuzama. Ilikuwa na haki ya kupeleka wabunge wawili London, na iliendelea kuwapeleka hadi sheria ya mageuzi ya 1832, jimbo lenyewe likiwa sehemu kubwa liko kwa samaki. Nilimweleza shemeji tukiwa kwenye changarawe za ufukweni, upepo unatupiga masikioni. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Sisi tuna wapiga kura hewa," alisema. "Hawa walikuwa nao maji."